GB 32 mfukoni, na bado hakuna nafasi

Najua nimepotea. Kazi zimenibana, na kila nikikaa kuandika, mteja anapiga simu. Lakini leo lazima niandike, maana juzi kijana mmoja ninayefanya naye kazi alinirudisha miaka mingi nyuma bila yeye kujua.

Alikuja mezani kwangu na PinePhone yake, ile ya GB 16, ambayo ameiwekea Mobian. Uso umemshuka. "Mkubwa, hii simu inanichezea. Nimetumia GB saba tu, zimebaki karibu nane, lakini sasisho linakataa. Linasema hakuna nafasi."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka jinsi maneno hayo hayo yalivyonigharimu mwaka 2010, na jinsi nilivyokaribia kuipoteza sauti ya nyanya yangu. Nikamwambia asiguse chochote, avute kiti, nimsimulie. Nanyi vuteni viti.

Wakati huo nilikuwa na Nokia N900. Kwa wasioikumbuka, ilitoka mwishoni mwa 2009. Nene kama kipande cha sabuni, na ukiusukuma uso wake juu unakuta kicharazio chini yake. Ndani kulikuwa na Maemo 5, mfumo wa Linux uliojengwa kwa mtindo wa Debian. Prosesa ya MHz 600, RAM ya MB 256. Leo ukizitaja tarakimu hizo watoto wanacheka, lakini mimi nilikuwa natembea na kompyuta mfukoni. Nafungua dirisha la amri, naingia kwenye seva ya mteja nikiwa ndani ya matatu, na kosa limerekebishwa kabla hatujafika mjini. Mfuko wa pili ulikuwa na kabambe kwa ajili ya M-Pesa, lakini kazi ilikuwa kwenye N900.

Kwenye boksi walisema GB 32, na ni kweli zilikuwemo. Shida ni kwamba hazikuwa mahali pamoja. Fikiria nyumba yenye ghala kubwa na jiko dogo. Ghala ni ile eMMC ya GB 32. Humo kulikuwa na sehemu ya GB 27 hivi iliyoitwa MyDocs ya picha, nyimbo na hati zako, sehemu ya GB 2 ya /home, na MB 768 za swapu ya kusaidia RAM. Jiko ni chipu nyingine kabisa, ya MB 256, na humo ndimo ulimokaa mfumo wenyewe, yaani mzizi, ile unayoiona ukiandika ls /. Ukiondoa mambo mengine, mzizi ulibaki na chini ya MB 230. Na simu ilipotoka kiwandani, sehemu kubwa ya hizo tayari imeliwa na mfumo.

Watengenezaji walilijua hilo, na jumuiya ya Maemo ikaweka utaratibu. Programu yoyote kubwa mafaili yake yawekwe kwenye /opt, na /opt ielekezwe kwenye /home/opt, yaani ghalani. Mzizini vibaki viungo tu vya kuonyesha njia. Programu zilizopitia hazina ya Extras zilikaguliwa kwa jambo hilo. Lakini kulikuwa na hazina nyingine, extras-devel, ambamo wasanidi walitupa vitu vibichi kabla ya kupimwa. Humo si wote waliofuata utaratibu. Na mimi, kwa kuwa ni msanidi na najiona mjanja, niliifungua siku ya kwanza. Kila kitu kilichong'aa nikakisakinisha, na jiko likajaa taratibu bila mimi kuona.

Sasa nije kwa nyanya.

Nyumbani kwetu ni Taita, kule milimani. Agosti 2010 nilikwenda kumwona, na jioni moja nikamwekea simu juu ya kigoda na kumwomba ahesabu ukoo. Alikuwa na kichwa cha ajabu. Alianza na babu wa babu yake, akaja taratibu, nani alimzaa nani, nani alihamia wapi, shamba lipi lilikuwa la nani kabla halijawa la fulani. Kila akichoka ananiambia, "Mjukuu wangu, zima hicho kitu nikunywe chai," kisha anaendelea. Nilipata rekodi karibu saa tatu, katika Kidawida chake safi ambacho hata mimi nilikuwa nauliza maana ya maneno mengine. Mafaili yakakaa MyDocs.

Mwezi uliofuata nyanya akalala, hakuamka.

Wiki ya matanga nyumba ilijaa watu. Simu niliiweka chini karibu na ukuta ikichajiwa, waya umekatiza njia. Mtoto mmoja akapita mbio, akajikwaa. Yeye hakuumia, ila tundu la chaja la simu liling'oka likawa linacheza kama jino la mtoto. Kosa lilikuwa langu mimi niliyetandika waya mlangoni. Tangu siku hiyo betri niliichajia nje ya simu, kwa ile chaja ya kubana, na simu haikuunganika tena na kompyuta.

Mtaniuliza, hukutoa nakala ya rekodi? Ningeweza. Simu ilikuwa na WiFi, na scp ipo, amri ya mstari mmoja tu. Nilijiambia nitafanya kesho. Watu wa kompyuta tunawaambia wateja watoe nakala ya akiba kila siku, halafu vitu vyetu wenyewe tunaviweka mikononi mwa kesho.

Oktoba 2010 likatoka sasisho la PR1.3. Jumapili usiku nikabonyeza kitufe cha kusasisha. Simu ikanijibu kwamba nafasi haitoshi, na kwamba nitumie kompyuta kwa njia ya waya. Waya gani tena? Nikaandika:

df -h

Mzizi ulikuwa umebakiwa na MB chache sana. MyDocs ilikuwa na GB zaidi ya 20 tupu. Mtu mwenye ghala tupu anaambiwa hana pa kuweka sufuria.

Hapa lazima nieleze kwa nini sasisho linahitaji nafasi kuliko unavyodhani. Mfumo wa Debian ukibadilisha programu, haufuti la zamani kwanza. Unaandika faili jipya kando ya la zamani, kisha ndipo unalipa jipya jina la zamani. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu umeme ukikatika katikati hubaki mikono mitupu. Lakini maana yake ni kwamba kwa muda fulani vyote viwili, kipya na cha zamani, vinakaa jikoni pamoja. Hata kama toleo jipya ni dogo kuliko la zamani, lazima pawe na pa kulitua.

Nikaanza kufuta programu. Nikapata nafasi kidogo. Nikapima folda moja moja kwa du, nione nani mnene. Hapo nikakutana na jambo la pili. Mzizi wa N900 ulitumia UBIFS, ambao hukandamiza mafaili wakati wa kuyahifadhi. Du inakwambia folda ina MB 10, unaifuta, unapata MB 5 au 6 tu. Kila nikifuta, hesabu haitimii. Ikafika saa saba za usiku, macho mekundu, na hasira za mtu aliyefutwa kwa kompyuta zikaingia.

Nikaona folda moja kubwa chini ya /usr/lib. Nikasema, hii naihamishia ghalani. Nikainakili kwenye /home, nikafuta ya asili, nikaweka kiungo mahali pake, kama vile wenye /opt wanavyofanya. Simu ikaendelea kufanya kazi vizuri kabisa. df ikaonyesha nafasi tele. Nikajipongeza. Kabla ya kusasisha nikasema niizime niiwashe, kwa usafi tu.

Haikurudi. Ilionyesha nembo, ikaonyesha zile nukta tano zinazocheza, ikazima. Nembo, nukta, giza. Nembo, nukta, giza. Nikatoa betri nikairudisha. Nembo, nukta, giza.

Nilielewa kosa langu nikiwa nimekaa kitandani, na kulielewa hakukusaidia chochote. Simu inapowaka, mzizi hufunguliwa kwanza. /home hufunguliwa baadaye. Programu za mwanzo zilikuwa zinatafuta vitu vyao kwenye ile folda, zinakuta kiungo kinachoelekea ghalani, na ghala bado limefungwa. Nilikuwa nimefungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba hiyo hiyo. Na mle ndani kulikuwa na saa tatu za nyanya.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Luthuli Avenue kabla maduka hayajafunguliwa yote. Fundi niliyempata ni kijana mpole, miwani ya kukuza imebanwa kichwani. Akaigeuza simu mara mbili. "Bosi, hii tunaflash. Lakini kila kitu kitaenda. Uko sawa?"

"Hapana fundi. Wewe nishikilishie tundu la chaja tu. Kuflashi nitafanya mwenyewe."

Akaniangalia kama anayesema, haya, simu ni yako. Akaifungua, akachoma risasi, akapuliza, akajaribu. "Imeshika, lakini usiivute. Iweke mezani kama yai." Nikamlipa, nikaongeza kidogo, nikashika njia.

Kwa nini nilimkatalia? Si kwa kiburi. Kuflashi N900 kulikuwa na mafaili mawili tofauti. La kwanza, lenye neno COMBINED katika jina lake, liliandika upya mfumo, yaani jiko. La pili, lenye neno VANILLA, liliandika upya eMMC, yaani ghala, na MyDocs ikiwemo. Ukiweka yote mawili, simu inakuwa kama mpya na kila ulichonacho kimekwenda. Ukiweka la kwanza peke yake, jiko linajengwa upya na ghala haliguswi. Fundi mwenye foleni ya wateja kumi angeweka yote mawili ili amalize, na hakuna wa kumlaumu, maana wengi wanaoletewa simu hutaka hivyo.

Nyumbani nikachaji betri mpaka ikajaa, kwa sababu simu haichajiki wakati inaandikwa. Nikapakua faili la COMBINED la PR1.3. Nikasoma jina lake mara tatu. Nikashikilia herufi u kwenye kicharazio, nikachomeka waya, na nembo ikatokea na alama ndogo ya USB pembeni. Kwenye kompyuta nikaandika:

flasher-3.5 -F jina-la-faili.bin -f -R

Dakika zile sikupumua vizuri. Sikuugusa waya, sikuigusa meza. Nikajua kwa nadharia kwamba MyDocs haiguswi, lakini nadharia ni nyepesi sana ukiwa na kitu ambacho hakina mwenzake duniani.

Simu ikajiwasha. Nembo, nukta, nukta, nukta, na safari hii mwanga. Ikaniuliza lugha na tarehe kama mgeni. Nikaenda moja kwa moja MyDocs. Mafaili yote yalikuwepo. Sikufungua hata moja kwanza. Nilinakili kwenye kompyuta, kisha kwenye diski ya nje, kisha kwenye kadi ya microSD, na hapo ndipo nikabonyeza moja nisikilize. "Mjukuu wangu, zima hicho kitu nikunywe chai."

Basi. Hayo ndiyo yaliyonifundisha, na nimeyafuata katika kila simu ya Linux niliyoshika baadaye. Jumuiya ilipoanza kutoa masasisho yake yenyewe ya N900, yale ya CSSU, niliyaweka bila jasho. Nayaandika hapa kwa mpangilio ninaoufuata.

Kwanza, nakala ya akiba itoke nje ya simu kabla hujagusa chochote. Nakala iliyo ndani ya simu ile ile haihesabiki.

Pili, uliza df -h kabla ya kufuta. Usitazame jumla, tazama mstari wa sehemu inayolalamika. Kufuta picha zako zote hakuongezi hata KB moja mzizini kama picha ziko sehemu nyingine.

Tatu, safisha kile ambacho mfumo wenyewe unajua kukisafisha. Apt-get clean hutupa mafaili ya vifurushi vilivyopakuliwa. Apt-get autoremove huondoa vilivyobaki bila mwenyewe, ila soma orodha yake kabla ya kukubali.

Nne, ondoa programu kubwa kwa njia ya msimamizi wa vifurushi, kamwe si kwa rm. Ukifuta kwa rm, mfumo bado unaamini faili lipo, na sasisho linalofuata linaweza kujikwaa. Andika majina ya ulizoondoa, utazirudisha baadaye.

Tano, funga hazina za majaribio kabla ya sasisho kubwa. Zinaweza kuleta matoleo yanayogombana na ya mfumo, na zinakula nafasi uliyoitafuta kwa shida.

Sita, ukilazimika kuhamisha kitu, hamisha kile ambacho simu haikihitaji inapowaka. Vitabu vya maelezo na tafsiri za lugha usizozisoma, sawa. Chochote chini ya /lib, /bin, /sbin au /usr/lib, hapana. Na usifanye saa saba za usiku.

Saba, betri ijae.

Msidhani haya ni mambo ya kale. Jolla, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2011 na watu waliotoka Nokia, ilitoa simu yake ya kwanza mwaka 2013 ikiwa na GB 16 na mfumo wa mafaili wa btrfs. Huo nao una kisa chake. Hugawa diski katika mafungu makubwa, na mafungu yote yakishagawiwa unaweza kuambiwa hakuna nafasi hata kama ndani ya mafungu hayo mna nafasi tele. Dawa yake ilikuwa kusawazisha mafungu kwanza ndipo usasishe. N900 yenyewe bado inaishi kwa waliokuwa nayo, maana kuna Maemo Leste, iliyojengwa juu ya Devuan, ambayo huwekwa kwenye kadi ya microSD, na kwa hiyo lile jiko la MB 256 halikubani tena.

Tukirudi kwa kijana wetu. Nilipomaliza kusimulia nilimwambia aandike df -h mwenyewe. Akasoma mstari mmoja mmoja kwa kidole. Mzizi una GB karibu nane. Akashuka mstari. /boot, asilimia 100.

"Kumbe ni hapa."

Keneli za zamani zilikuwa zimerundikana kwenye /boot, ambayo ni sehemu yake ya pekee na ni ndogo, na keneli mpya haikuwa na pa kukaa. Akaandika apt autoremove. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kukubali nilipomshika bega.

"Soma kwanza orodha. Hiyo keneli unayoitumia sasa hivi imo?"

Akasoma. Haikuwemo. Akataka kubonyeza tena.

"Na picha za mtoto wako ziko wapi?"

Akanyamaza. Halafu akaenda kutafuta waya.

Sasisho lilipita jioni ile, na alikwenda nyumbani akitabasamu. Mimi nilibaki ofisini kidogo, nikafungua folda moja ya zamani, nikamsikiliza nyanya akihesabu watu mpaka akafika kwangu. Haya wasomaji wangu, kabla hamjalala leo, nakilini kile kimoja msichoweza kukipakua tena popote. Tuonane siku si nyingi.